Kamba Zilizorudi

Cheti changu kinasema nimefuzu utunzaji wa farasi na punda. Kipo ndani ya sanduku, chini ya vitenge, hapa Nyahanga, mjini Kahama, ninapouza dawa za kuku na pumba. Mteja akiniuliza nilisomea nini, namjibu mifugo, naishia hapo. Nikitaja punda atacheka, na mimi siku hizi sina subira na watu wanaocheka kabla ya kuuliza.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, huko Kishapu, kwenye kaya iliyozungushiwa minyaa. Maji tulichota lamboni, mwendo wa kuchosha, na aliyetubebea madumu alikuwa punda jike wa bibi, mwenye tumbo jeupe na sikio moja lililochanwa na miba. Nilijifunza kutembea nikiwa nimemshika mkia. Nilimpenda, na sioni aibu kusema hivyo. Bibi alimsokotea kamba kwa mikono yake, vipande vya magunia ya pamba vikichanganywa na kanga nyekundu iliyochakaa, ili isimchune shingoni.

Kamba kwetu haikuwa kitu cha hivi hivi. Mnyama akiuzwa aende kufugwa au kufanya kazi, huondoka na kamba yake, na mwenye mnyama humkabidhi mnunuzi mkononi. Akiuzwa kwa mchinjaji, kamba hufunguliwa na kubaki nyumbani. Bibi alikuwa na kigingi ukutani, ndani, juu ya mtungi, alikotundika kamba za ng'ombe na mbuzi waliokwenda kuchinjwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuzichukua kufungia kuni. Kamba ya punda haikuwahi kutundikwa pale, maana kwetu punda haliwi. Alifanya kazi, akazeeka, akafa, akafukiwa.

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yalikuwa ya kunipeleka shambani tu. Ndipo nikasikia mjini Shinyanga kuna mtu anafundisha vijana kazi za punda na farasi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mtu anayesoma habari redioni. Zamani alikuwa ameajiriwa kwenye mazizi ya farasi huko Arusha. Darasa lake lilikuwa chini ya bati, na wanafunzi wengi walikuwa watoto wa wafugaji kama mimi.

Mwalimu alituambia mambo ambayo hakuna mtu alikuwa ametuambia. Kwamba kuna nchi ambako mtu anasomea farasi mpaka chuo kikuu. Kwamba kuna mtu analisha watoto wake kwa kazi ya kupigilia farasi viatu vya chuma, mwingine kwa kuwatibu meno tu, mwingine kwa kupanga chakula chao, mwingine kwa kuwafundisha kubeba mpanda farasi bila kuogopa. Tulicheka sana siku ile. Yeye hakucheka. Alitupeleka Arusha kwa mafunzo ya vitendo, na huko nikamshika farasi kwa mara ya kwanza, mnyama mkubwa mwenye ngozi iliyotetemeka nilipoiwekea kiganja. Nilimwinua mguu kama tulivyofundishwa, akaniachia uzito wake wote begani, nikadhani nitalia.

Njiani kurudi mwalimu alikaa karibu nami. "Binti yangu," akasema, "kwenu farasi hamna, lakini punda mnao wengi kuliko mnavyowatunza. Farasi wako ndiye huyo. Shika kwato vizuri, hutalala njaa."

Nilimwamini. Baba yangu sikumjua, na mtu akikuita binti yangu kwa sauti ile, unaanza kuketi vizuri na kuandika kwa mwandiko mzuri. Nilijifunza kusoma umri kwenye meno, kusafisha vidonda vya mgongoni, kutengeneza matandiko yasiyochubua. Zaidi ya yote nilijifunza kwato: kuzichonga kwa kisu, kuzisawazisha kwa tupa, mpaka punda aliyekuwa akichechemea anaondoka anatembea kama ameazima miguu mipya. Mwalimu alirudia kila siku kwamba punda bila kwato hana faida kwa mtu yeyote.

Baada ya cheti, wenzangu walitawanyika, wengine wakaendesha bodaboda. Mimi mwalimu aliniita. Alisema kuna kampuni inaanzisha usafiri wa punda kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia Bugarama, kubeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, mpaka kwenye mashine za makarasha yanakosagwa. Masika barabara zile zinakuwa tope, gari halipiti. Kungekuwa na zizi, kisima na chumba cha matibabu, na msimamizi wa chumba hicho ningekuwa mimi. Kwanza tukusanye punda. Alinipa ovaroli ya bluu yenye neno "Mtaalamu" mgongoni. Niliivaa mpaka kanisani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuzunguka minadani. Punda akiletwa, nilimkagua, nikampaka alama ya rangi begani kama ni mzima, na lori lilikuja jioni. Shida ilikuwa kwamba watu walikuwa wamesikia habari za wanunuzi wa ngozi za punda, na walipomwona mgeni anauliza bei walimkata jicho. Mwalimu Kisukuma hakijui.

"Wewe waambie," alinielekeza. "Wewe ni mtoto wao."

Niliwaambia. Niliwasalimia wazee mwangaluka, nikawapigia magoti akina mama, nikawaeleza habari za Bugarama, zizi, kisima na matibabu. Niliwaonyesha kisu changu cha kwato. Mama mmoja aliniuliza mara mbili kama kweli punda wake anakwenda kufanya kazi, nikamwambia, "Mayu, mimi mwenyewe ndiye nitakayemtibu." Akanipa kamba mkononi, akanishukuru, wabeja sana, akaondoka bila kugeuka nyuma. Wengi walifanya hivyo. Nilipokea kamba nyingi sana.

Bibi naye akanisikia. Magoti yake yalikuwa yameisha, na bomba la maji lilikuwa limefika karibu na kaya. Punda alikuwa anashinda amesimama kivulini akinenepa, na bibi aliniambia mnyama wa kazi akikosa kazi anaugua moyo. Nilikwenda kumchukua nikiwa ndani ya ovaroli yangu. Bibi alinipikia michembe ya viazi vitamu kwa karanga, akaniangalia nikila, kisha akaileta kamba ile yenye kanga nyekundu.

"Simuuzi kwa kampuni," alisema. "Namweka kwako. Akizeeka unirudishie, nimfukie mwenyewe."

Nikamwambia sawa, bibi. Hela ya kampuni aliikataa kabisa.

Siku ile mnadani nilimfunga punda wa bibi pembeni nikaanza kumchonga kwato, kwa sababu nilijua ardhi ya Bugarama ina mawe. Mwalimu akaja akasimama juu yangu.

"Usipoteze muda na kwato," akasema. "Angalia ngozi tu. Kama ina makovu makubwa, muache."

Nilidhani anazungumzia vidonda vya matandiko. Lakini lile neno la kwato lilinichoma, maana lilitoka kwenye kinywa kilekile kilichonifundisha. Nilimaliza zote nne, nikazisawazisha kwa tupa taratibu, makusudi, yeye akiwa amesimama pale. Lori lilipofika nilimwongoza punda mwenyewe kwenye ubao wa kupandia. Wengine walikuwa wanasukumwa na kuchapwa fimbo. Huyu alinifuata.

Kila nilipouliza lini tunahamia Bugarama, mwalimu alikuwa na jibu. Uzio haujakamilika. Mvua. Mwenye kampuni amesafiri. Aliongea kwa upole uleule, na mimi nikajiona msumbufu kwa kuuliza. Mwishowe nikachoka kusubiri. Nikapanda bodaboda nikaenda kumwona punda wa bibi, nikiwa nimembebea pumba kwenye mfuko wa rambo.

Bugarama niliulizia zizi la punda mpaka watu wakaanza kunishangaa. Kwenye makarasha kulikuwa na vumbi, kelele, na pikipiki za miguu mitatu zilizobeba viroba vya mawe. Mama lishe aliyekuwa akiwauzia wachimbaji ugali alinisikiliza, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mdogo wangu, mimi nipo hapa tangu maduara haya yanafunguliwa. Punda wa kampuni ndio wewe wa kwanza kunitajia."

Nikajiambia labda nimekosea eneo. Nilijiambia hivyo njia nzima mpaka Kahama. Mtu aliyependa kazi yake anaweza kujiambia mambo mengi.

Lori lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja ambako punda walikusanywa, na dereva alikuwa anafua shati lake kwenye ndoo. Alikuwa kijana mstaarabu, tulisalimiana kila wiki. Aliponiona akafurahi.

"Afadhali umekuja, dada. Nina mzigo wako." Akaingia kwenye gari akatoka na kiroba kilichotuna, akakiweka miguuni kwangu. "Kule machinjioni wakishawachinja wanazitupa. Nikaona bado nzima, nikasema nikuletee, si mnazitumia mnadani?"

Ndani ya kiroba zilikuwa kamba. Za katani, za ngozi, za neti ya nailoni, za mabaki ya mashuka. Kanga nyekundu niliiona kabla sijaingiza mkono.

Dereva alidhani najua. Ndiyo maana alisema bila kupunguza sauti, kama mtu anayerudisha sufuria aliloazima. Alipouona uso wangu akarudi kwenye ndoo yake, akaendelea kulifua shati lililokuwa tayari limetakata.

Mwalimu nilimkuta ofisini anakunywa chai kwa chapati. Sikumwamkia, na hilo lilimshtua kuliko kamba niliyoiweka juu ya meza yake. Nilimuuliza kama Bugarama iliwahi kuwepo. Alimeza, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Binti yangu, ajira ni ajira. Nani mwingine angekupa mshahara kwa cheti cha punda?"

"Nimewaambia watu uongo."

"Hukusema uongo. Ulisema ulichoambiwa." Kisha akaongeza, kwa sauti ileile ya redioni, "Ungejua, usingeweza kuwashawishi. Una uso mzuri wa kuaminika. Niliuona tangu darasani."

Tangu darasani. Nimemsamehe mambo mengi, chai yake na chapati yake, lakini hilo sijamsamehe na sitamsamehe. Ina maana siku ile njiani kutoka Arusha, harufu ya farasi ikiwa bado mikononi mwangu, yeye alikuwa ananipima meno. Kila alichonifundisha kilikuwa cha kweli, hiyo ndiyo hasira yangu. Angenifundisha upuuzi, ningeutupa pamoja naye. Sasa nikimwona punda anachechemea barabarani mikono yangu inajua la kufanya, na ni yeye aliyeiweka elimu hiyo humo.

Nilivua ovaroli nikaiacha kwenye kiti chake. Kiroba cha kamba nilikibeba.

Nilifika Kishapu mchana. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayapoteza yote kwenye mlango wa minyaa. Bibi alikuwa anapepeta mtama. Niliweka kiroba chini, nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo, na kabla hajaitika akaiona kamba mkononi mwangu.

Hakuna haja ya kumweleza mtu wa kwetu kamba iliyorudi maana yake nini. Aliuweka ungo chini. Kuku wakaja wakala mtama na hakuna aliyewafukuza. Nilitaka anipige. Nilimweleza habari za mwalimu, za Bugarama, za lori, nikilia kwa hasira mpaka kamasi, na yeye akanisikiliza kama anasikiliza habari za watu wa mbali.

Majirani walisikia, wakaja. Nilizitandaza kamba zote uani. Kila mmoja aliinama, akatafuta, akaipata yake, akaichukua. Hawakunitukana. Yule mama aliyeniuliza mara mbili alitoka kijiji cha pili kuja kuchukua ya kwake, akaikunja, akaiweka begani, akanipita bila kunisalimia. Tangu siku ile, nikienda nyumbani, watu huingiza punda zao ndani ya uzio nikikaribia. Nawaona kwato zimepinda, kisu ninacho kwenye mkoba, na hakuna anayeniita.

Jioni ile, watu walipoondoka, bibi aliniuliza swali moja tu.

"Walimchapa, wakati wa kumpandisha?"

"Hapana, bibi. Nilikuwa nimemchonga kwato. Alipanda mwenyewe."

"Alimfuata nani?"

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka kwa kushikilia ukuta, akaingia ndani, akaitundika kamba kwenye kigingi, pamoja na za ng'ombe.