Bi Zena na Matundu ya Trei

Bi Zena anapanga mayai kwenye trei. Ndiyo kazi yake, miaka kumi na moja sasa, kwenye banda la kuku nyuma ya nyumba yetu hapa mtaa wa Picha ya Ndege. Alizaliwa Kisarawe, akasoma mpaka darasa la nne, mama yake akaugua, na shule ikaishia hapo. Ukimtajia hesabu anakwambia hajui, nenda kaulize wasomi. Msomi mwenyewe ni mimi, kidato cha pili.

Mwezi wa kumi na moja nyumbani hatukuwa na raha. Mwalimu Stellamaris wa darasa la kwanza alimwita mama akamwambia kati ya pacha wetu wawili, Kulwa anaingia la pili lakini Dotto huenda akarudia. Kusoma anasoma. Kinachomshinda ni kutafuta namba iliyokosekana. Angepewa jaribio jingine Ijumaa, maswali kumi, na akipata saba, anaenda na mwenzake. Wale watoto hawajawahi kukaa madawati tofauti. Dotto aliacha hata kula vizuri.

Mama anatoka alfajiri kwenda kazini Dar, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nikamwandikia: tatu, jumlisha, nafasi wazi, sawasawa na nane. Akajaza kumi na moja. Nikamwambia achukue nane atoe tatu. Akanitazama kama namdanganya.

"Dada Recho, mbona hapa pana alama ya kujumlisha? Wewe unasema nitoe."

Mimi mwenyewe nilikuwa nakariri tu.

Bi Zena alitusikia kutoka bandani. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akauliza huyo mtoto anaonewa nini. Nikamweleza. Akachukua trei kuukuu, akaikata kwa kisu yakabaki matundu manane, akaweka mayai matatu.

"Dotto, baba, hii trei bado haijajaa. Nikuletee mangapi?"

Dotto hakuhesabu mayai. Aligusa matundu matupu, moja moja, akasema matano.

Nilishangaa mpaka nikamuuliza Bi Zena amejulia wapi. Akacheka. Alipoanza kazi, alisema, alikuwa anahesabu kila yai kwa mdomo, na mtu akimsalimia tu, anaanza upya. Wenzake wa wakati huo bandani walimpachika jina la Bi Moja Mbili. Alilia siku mbili. Halafu akagundua kwamba trei inajulikana itachukua mangapi, sasa mayai ya nini kuyahesabu? Akaanza kutazama pengo. Mpaka leo anapita mbele ya trei ishirini akisema hii bado manne, hii bado mawili, wala hasimami.

Basi kila jioni Dotto alikuwa bandani. Siku ya pili alivunja yai, tukahamia kwenye kokoto. Siku ya tatu Bi Zena akaweka kokoto nne upande wa mwisho wa trei ya matundu tisa, akauliza za mwanzo ni ngapi. Dotto akasema tano bila hata kugusa.

Jumatano Dotto akauliza kama kwenye jaribio trei itakuwepo.

Bi Zena akavua mtandio, akaifunika trei. "Umeiona ina matundu kumi, umeona nimeweka sita. Sasa huioni. Sema."

Alikosea. Akakosea tena. Nikataka kumsaidia, Bi Zena akanikonyeza nikae kimya. Mara ya tatu Dotto alichukua kijiti akachora viduara kumi kwenye vumbi, akaweka alama kwenye sita, akatazama vilivyobaki. Nne. Bi Zena akasema haya, hiyo ndiyo trei yako, nenda nayo.

Ijumaa mchana nilikuwa getini wanatoka. Kulwa ndiye aliyekuwa na karatasi, ameikumbatia utadhani yake. Pembeni kote kulikuwa na viduara vya penseli. Tisa kwa kumi.

Tuliipeleka moja kwa moja bandani. Bi Zena alifuta mikono, akataka kuoneshwa lile alilokosa. Lilikuwa saba, jumlisha, nafasi wazi, sawasawa na saba. Dotto hakuandika kitu.

"Imejaa," Dotto akajitetea. "Hakuna cha kuweka."

"Kwani si kweli hiyo?" Bi Zena akanigeukia. "Msomi, mwenzangu amekosa wapi?"

Nikamwambia hajakosa, ila shuleni pakiwa hapahitaji kitu huandikwa sifuri, ili mwalimu ajue umetazama. Bi Zena akafikiri. Akaomba penseli, akaiandika sifuri mwenyewe kwenye ile nafasi, taratibu, akampa Dotto karatasi.

"Kumi kwa kumi. Januari mkae dawati moja, na msinipigie kelele kuku wangu."

Wale pacha walikuwa wameshakimbia kumsubiri mama barabarani.