Vikombe Saba vya Chai

Mama mwenye duka hakunitukana. Aliniita mlangoni, akanishika kidevu na kukigeuza kwenye mwanga kama mtu anayechagua nyanya, kisha akasema, "Na huo uso, nani atanunua krimu kwako? Kaa stoo upange katoni."

Duka la vipodozi lilikuwa katikati ya mji, na mimi niliitaka kaunta. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nikahama kazi baada ya kazi. Hii ndiyo ya kwanza niliyotamani kubaki nayo, kwa kuwa kaunta huleta watu, na watu huja na maswali. Dada wa kaunta alikuwa mjamzito, amebakiza miezi mitatu aende kujifungua. Nikajipa miezi hiyo mitatu.

Krimu sikuzigusa. Nilikuwa nimesoma karatasi zake zote huko stoo, na kila moja iliahidi yaleyale. Mimi nilitaka kujua chunusi zilizonijaa usoni zinatoka wapi. Nikanunua daftari, nikaandika kila nilichokula. Majirani zangu wa mtaa wa Satellite, nilikopanga chumba, walisema ni mafuta, basi nikaacha chipsi, soseji na mandazi. Mwezi mzima nikala sukumawiki na githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, hadi mwenzangu wa stoo akapata la kusema.

"Niaje, githeri! Unaikula ama unaivaa?"

Chunusi hazikutikisika. Siku moja tukiwa tumekalia katoni, yeye akalichukua daftari na kulipekua.

"Na chai iko wapi hapa?"

"Chai si chakula."

"Wacha zako! Umekunywa mbili na hata saa nne haijafika."

Siku hiyo nilihesabu. Vikombe saba, maziwa nusu maji nusu, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja. Kwetu mtu hulalamika hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, kumbe amekunywa chai mara nne. Ndivyo nilivyoiacha nje ya daftari, wala sikuwa nikidanganya.

Nikahamia strungi, chai isiyo na maziwa, tena bila sukari. Ladha niliizoea kwa wiki moja. Kazi ngumu ilikuwa kule Kinoo kwa shangazi, ambaye kila Jumapili baada ya kanisa alinimiminia chai ya maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Kina mama wenzake wa kanisani walikuwa wamejaa sebuleni nilipomwomba strungi.

"Strungi? Kwangu?" Akaiweka birika chini. "Unataka hawa waseme ng'ombe wangu wamekauka?"

"Shangazi, ni juu ya hii uso yangu."

"Uso! Baba yako alikunywa haya maziwa na bado akapata bibi."

Kina mama wakaangua kicheko. Nikaenda jikoni, nikachemsha maji yangu, nikarudi na kikombe cheusi na kuketi katikati yao. Jumapili iliyofuata nikafanya vilevile.

Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu, paji la uso lilikuwa limelainika na mashavu yameacha kuuma. Sisemi ni sheria. Dada wa kaunta alikunywa chai kama yangu, na uso wake ulikuwa laini kama yai. Nasema uso wangu, ambao nilikuwa nimeuchunguza siku baada ya siku.

Mama mwenye duka aliniita tena mlangoni, akanishika kidevu.

"Bado una mbili hapa chini," akasema. "Kesho uje na shati safi. Kaunta."

Jumapili nikampelekea shangazi habari. Alipiga kigelegele, akakimbilia jikoni, akarudi na birika ikifuka na kikombe chake kizuri, kile cha wageni. "Leo ni sherehe," akasema, na kuinamisha birika.

Nikafunika kikombe kwa kiganja.

Akaiweka birika chini. Kisha akageuka, akaenda kutia maji matupu sufuriani.