Maji Yasiyotoa Povu

Majivu yakimwagiwa maji hutoa harufu kavu inayokwaruza koo kidogo. Nikiisikia, hata nikiwa katikati ya mji wa Kitui na shughuli zangu, narudi moja kwa moja Kyuso, nyuma ya jiko la mama, mwaka niliokuwa kidato cha nne na kujiona mjuzi wa kila kitu.

Maji yetu yalikuwa ya kisima, tena ya chumvi. Punda aliyetubebea aliyanywa kwa kusitasita. Ukisugua sabuni hupati povu, unapata utando wa kijivu unaoelea kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Lakini mama, ambaye tulimwita Mwaitu kama Wakamba wengi wanavyowaita mama zao, alikuwa na dawa yake. Alichukua mkebe uliotobolewa matundu chini, akatandika nyasi kavu, akajaza majivu ya mgunga, kisha akamwaga maji juu. Chini yalidondoka maji ya rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyotiwa maziwa, tone kwa tone, mchana kutwa. Akitia kidogo kwenye beseni, sabuni inakubali. Maji hayo yalikuwa yamempasua mikono, na niwaambie ukweli, siku za wazazi shuleni niliionea aibu mikono hiyo.

Kemia nayo ilikuwa ikinishinda. Nilitaka uuguzi, na mwalimu aliniambia bila kupepesa macho kwamba nikifeli kemia nisahau. Basi likizo ya Agosti nilizunguka na daftari la marudio mpaka zizini. Niliwasomea mbuzi jedwali la elementi, nao hawakuwa na pingamizi. Nilipofika kwenye maji magumu nikakutana na sentensi moja tamu: ugumu wa maji huondolewa kwa kuchemsha. Nikafunga daftari hapo hapo. Kulikuwa na mistari mingine chini yake, lakini aliyekwisha kupata dawa ana haja gani na mistari?

Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake Mwaitu angewekwa kuwa shemasi, mwanamke wa kwanza katika kanisa letu la mabati, na gauni lake jeupe lilikuwa moja tu. Nilimkuta akijaza mkebe wake.

"Mwaitu, hiyo ni mambo ya zamani. Maji inachemshwa tu."

Alimalizia kumwaga maji juu ya majivu. "Kitabu imesema hivyo?"

"Imesema."

"Haya, Mumbua. Fua wewe."

Akanipa gauni, akanipa mche mzima wa sabuni, akaniachia na mzigo wa kuni alioubeba kichwani asubuhi ile.

Alasiri hiyo naikumbuka kama ndoto. Njiwa walilia mahali nisipopaona, na joto lilivitetemesha vilima vya mbali. Sufuria ilichemka hadi kuni zikaisha, na ukoko mweupe ukashika kwenye kuta zake. Nikajisemea, huo ndio ugumu unatoka. Maji yalipopoa nikatia gauni, nikasugua. Povu halikuja. Nikasugua mpaka sabuni ikabaki kipande cha kushika kwa kucha, nikaanika, na gauni lilipokauka lilikuwa na mabaka ya kijivu kifua kizima.

Nilikaa chini nikalia. Mwaitu hakunigombeza. Alikwenda nyuma ya jiko akarudi na ndoo ya maji ya majivu, kwa maana mkebe wake ulikuwa umeendelea kudondoka muda wote ule, akaloweka gauni na kulifua upya.

"Soma hiyo kitabu mpaka mwisho," akasema tu.

Nikasoma. Kuchemsha huondoa ugumu wa muda peke yake. Ugumu wa kudumu, ule wa salfeti na kloraidi, hauogopi moto, unataka kabonati. Na hapo nikakumbuka mwalimu akisema kwamba majivu ya kuni yana kabonati ya potasiamu.

Jumapili Mwaitu alisimama mbele ya kanisa gauni likiwa jeupe, pindo bado bichi. Novemba, kwenye mtihani wa mwisho, swali la maji magumu lilikuja, nikalijibu kana kwamba nasimulia habari za nyumbani.

Siku hizi mimi ni muuguzi. Juzi nilimtembelea Mwaitu, na nikimpaka mafuta mikono ile ile nikamuuliza kama siku ile alijua. Akacheka. Mwaka alioolewa Kyuso, alisema, alichemsha maji hayo mpaka akachoka.

"Na mbona hukunikataza? Gauni lilikuwa moja."

"Gauni ilikuwa yangu," akasema. "Mtihani ilikuwa yako."

Watu husema mtoto akililia wembe, mpe. Siku zote nilidhani ni msemo wa wazazi waliochoka kubishana. Sikujua kuna mzazi anayeweza kutoa wembe akijua utakata kitu chake mwenyewe. Niliendelea kumpaka mafuta, kidole kimoja baada ya kingine.