Jinsi Nilivyomtoa Mbuzi Kwenye Mashine ya Mama

Nianze na upumbavu wenyewe, maana wanaonijua watausema hata nikiuficha: niliweka mbuzi kwenye kompyuta ya kazi ya mama yangu.

Si mbuzi wa kufuga. Ni ekstensheni, kile kiprogramu kidogo unachokibandika kwenye kivinjari ili intaneti ifanye kitu ambacho hakuna mtu aliyeiomba. Hii yangu ilikuwa na kazi moja tu duniani. Kila picha unayofungua, inaiondoa na kukuwekea mbuzi. Mchezaji mpira, mbuzi. Waziri, mbuzi. Mwimbaji mwenye miwani ya dhahabu, mbuzi tena, na huyo alipendeza kuliko mwenyewe. Niliiweka Jumapili, mama akiwa amebaki kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi na rafiki yangu wa darasani tulicheka mpaka akalala sakafuni na suruali yake ya ibada. Nilikuwa na nia ya kuitoa kabla mama hajarudi. Naapa. Lakini mama alirudi mapema, nikafunga mashine haraka, na mbuzi akabaki humo ndani.

Sasa lazima ujue kazi ya mama. Ana biro hapa Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ile tunayoiita kwetu Kongo sekretaria: meza, kompyuta, printa inayokohoa, na benchi la wateja. Alijifunza kuchapa Uvira kabla sijazaliwa. Watu wanamletea maneno, yeye anayafanya barua. Anachapa maombi ya kazi, maombi ya shule, malalamiko ya mpaka wa shamba, hata barua za uchumba, ambazo huwa nazisoma nikijifanya napanga karatasi. Wakongomani wenzetu wanakuja, Warundi wanakuja, na wote wanamwita Mama Biro.

Na mama ana sheria yake. Hakuna dosye, yaani faili ya mteja, inayotoka pale bila mwenye faili kuiona imeenda. Akishatuma barua pepe, anaifungua tena kule kwenye zilizotumwa, anageuza mashine kuelekea benchi, na mteja anaangalia mpaka aseme kwa mdomo wake: "Ni mimi." Usiposema, huondoki. Watu wa hapa wamepoteza karatasi nyingi njiani, na wengine wameambiwa ofisini "faili yako haionekani" mpaka wamezeeka. Ukiwaambia "imeenda" hawakuamini. Wanataka kuona. Ndiyo maana benchi la mama halikauki wakati biro nyingine zinapiga usingizi.

Jumatatu asubuhi akaja mzee mmoja Mrundi, mkulima wa mahindi, amevaa koti la misa. Binti yake alikuwa anaomba nafasi kwenye shule ya ushonaji mjini Mbarara, na dosye ilitakiwa ifike kabla ya Jumatano. Shule yetu ilikuwa likizo, kwa hiyo mimi nilikuwa pale pale, msaidizi wa printa. Mama akaskani vyeti, akaskani foto ya binti, akatuma, akafungua, akageuza mashine.

Mzee akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwenye koti, akaivaa tena.

"Mama Biro," akasema polepole, "huyu ni nani?"

"Ni binti yako, mzee."

"Binti yangu hana ndevu."

Benchi zima likasimama kuja kuangalia. Kulikuwa na mbuzi wa kahawia, ametulia kabisa, anaangalia kamera kama mtu anayeomba nafasi ya kusoma ushonaji.

Mama akajigeuzia mashine. Akatuma upya. Akafungua: mbuzi mweupe. Akatuma tena: huyu wa tatu alikuwa ametoa ulimi, na hapo ndipo nikashindwa. Nikacheka.

"Weye! Unacheka nini?"

"Nakohoa, mama."

"Ukohoe inje!"

Nikatoka nje, lakini nikabaki dirishani. Mama alituma mara ya nne, na wa nne alikuwa na pembe ndefu kama ng'ombe wa wenyeji wa huku. Mama mmoja wa benchi akasema, "Yesu wangu, inazidi kukomaa!" Mwingine akabeba mfuko wake. "Nitarudi kesho, Mama Biro." Wa nyuma yake naye akakumbuka kwamba ameacha maharage kwenye moto. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Maharage ya nani yako kwenye moto saa tatu asubuhi?

Mzee peke yake ndiye aliyebaki. Hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikaa ameshika kofia yake kwenye magoti.

"Hii ikifika kule," akasema, "watafikiri tumewatukana. Watampa nafasi mutu mwingine."

Kicheko changu kiliisha pale pale. Kwa sababu na mimi, fundi mkubwa wa mbuzi, niliamini hivyo hivyo: kwamba foto imeondoka Nakivale ikiwa msichana na imefika Mbarara ikiwa mbuzi. Na ni mama yangu aliyeituma, jina lake liko juu ya barua.

Mchana ule biro ilikuwa tupu. Mama alifungua foto ile kwenye faili za kompyuta, akaona msichana. Akaifungua kwenye barua pepe, akaona mbuzi. Msichana. Mbuzi. Kisha akafanya kitu ambacho sikukipenda. Alichukua barua ya zamani, akaisogeza mbali na macho, akaanza kuisoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akavua miwani, akaivaa, akaanza upya.

Ungeniuliza kwa nini sikusema wakati ule. Nilikuwa naogopa, basi. Nilitaka kwanza kuitengeneza kimya kimya, halafu niseme, halafu nikimbie, kwa mpangilio huo.

Alipokwenda kuchota maji, nikarukia mashine. Juu ya kivinjari kulikuwa na kichwa kidogo cha mbuzi. Nikakibonyeza, nikachagua kukificha, kikapotea. Nikajipiga kifua. Nikafungua barua: mbuzi. Nilikuwa nimeondoa kengele ya mlango tu, mgeni bado amekaa sebuleni. Nikafuta historia yote ya kivinjari. Mashine ikasahau neno la siri la mama, ila mbuzi haikumsahau. Mama akarudi na ndoo akanikuta natoa jasho.

"Papa," akaniambia. Mama akiniita papa ujue ananihurumia, na sikustahili hata herufi moja. "Kesho utaenda Mbarara na ule muzee. Mutabeba foto ya karatasi na mikono. Mutaomba musamaha."

"Tuseme nini, mama?"

"Museme mama amekosea, macho yake imeshika foto ingine."

Usinitazame hivyo. Najua.

Kesho yake tulifika Mbarara kabla jua halijawa kali. Shule yenyewe iko mtaa wa Ruti, na ofisi yake ilikuwa na mama mmoja Mnyankole mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Mzee alishika bahasha yenye foto kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimepanga hotuba ya kuomba msamaha, na yote ilinitoka kichwani.

"Nyinyi ya Nakivale?" akauliza yule mama, akigeuza kompyuta yake. "Kale, sawa, kuja hapa. Nyinyi natuma huyu musichana mara nne. Sababu gani? Amezaliwa wanne?"

Nikaangalia. Msichana. Chini yake, msichana. Tena msichana, tena msichana. Wote wana shingo moja na macho yale yale ya kuogopa kamera, wala hakuna hata mmoja mwenye ulimi nje.

Mzee alisogea karibu mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Sheria ya mama ilikuwa imemwingia, kwa sababu alinyooka kabisa, akavua kofia, akasema kwa sauti kama anajibu padri:

"Ni yeye!"

"Eeh, ssebo, muzee wangu, mimi iko naona ni yeye," yule mama akasema. "Mimi nauliza sababu ya mara nne."

"Ni reseau, madam," nikasema haraka. Reseau, yaani mtandao, ndiyo hubeba dhambi za watu wote kule kwetu.

Nilitaka kumkumbatia yule mama, meza, na kompyuta. Barua zilikuwa zimefika salama. Mbuzi hakuwahi kusafiri. Hakuwa ndani ya foto wala ndani ya barua, alikuwa kwetu tu, amekaa kwenye kivinjari cha mama na kutufunika macho yetu sisi. Ningefikiri kidogo Jumatatu, ningejua. Lakini kufikiri si kitu nilichokuwa nimekifanyia mazoezi wiki ile.

Kabla ya kurudi mzee alininunulia maziwa, maana Mbarara hata mwenye huzuni anakunywa maziwa. Tulikaa kwenye kibanda, na nikaona siwezi kunywa maziwa ya mtu niliyemgeuzia binti kuwa mbuzi. Nikamwambia yote. Rafiki, Jumapili, suruali ya ibada, yote.

Mzee alikunywa mpaka kikombe chake kikaisha. Nikaanza kuangalia njia ya kukimbilia.

"Ule wa tatu," akasema mwishowe. "Ule wa ulimi."

"Ndiyo, mzee?"

"Anafanana na shemeji yangu." Akacheka mpaka akakohoa, na yeye alikuwa anakohoa kweli. Kisha akaninyooshea kidole. "Utamwambia mama yako weye mwenyewe. Leo. Mimi nitakaa kwenye benchi, niseme nimeona binti yangu kwa macho yangu. Lakini ya kwako, utaisema weye."

Tuliporudi biro, mama alikuwa amekaa nyuma ya mashine iliyozimwa, amekunja mikono. Mzee akakaa kwenye benchi, katikati kabisa, kama mtu aliyewekwa ulinzi. "Imefika, Mama Biro," akasema. "Na wote wanne ni yeye." Mama akamwangalia bila kuelewa.

Mimi nikasimama karibu na mlango, nikauacha wazi, nikasema. Nilisema haraka bila kupumua. Nilipomaliza, mama alisogeza kiti chake pembeni ili nipite, akanionyesha mashine.

Nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya mbele ya kompyuta: nikasoma. Nilifungua zile nukta tatu za pembeni, nikashuka mpaka kwenye ekstensheni, na orodha ikafunguka. Mbuzi hakuja peke yake! Alikuwa amekuja na wajomba zake watatu ambao sikuwaalika. Mmoja wa kutafuta bei nafuu kwenye maduka ambayo hayajui Misiera iko wapi. Mmoja wa kusema hali ya hewa ya mji wenye theluji. Na mmoja aliyekuwa amebadilisha ukurasa wa kutafutia bila hodi. Chini ya kila mmoja iliandikwa kwamba anaweza kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila tovuti unayofungua. Nikafikiria zile barua zote za watu zilizopita hapo.

Nikabonyeza Ondoa kwa mbuzi. Ikaniuliza kama nina hakika. Nina hakika kuliko siku zote za maisha yangu. Ukafunguka ukurasa wenye mbuzi analia machozi, unaniuliza kwa nini ninaondoka. Ulikuwa na majibu ya kuchagua, na langu halikuwemo. Nikaufunga. Nikaondoa wajomba mmoja mmoja. Nikazima mashine, nikaiwasha, na yule wa hali ya hewa akawa amerudi, anatangaza theluji.

"Bado kamoja," mama akasema nyuma ya bega langu. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Ilibidi niende kwenye orodha ya programu za kompyuta yenyewe. Huko nikaikuta programu iliyoingia pamoja na mbuzi, ndiyo iliyokuwa inamrudisha mjomba kila mashine ikiwaka. Nikaitoa. Nikarudisha ukurasa wa kutafutia kama ulivyokuwa. Nikazima, nikawasha. Orodha ikawa tupu, nyeupe, nzuri kama uwanja uliofagiliwa.

Mama akaniondoa kwenye kiti kwa mkono mmoja. Akafungua zile barua nne, moja baada ya nyingine, akageuza mashine kuelekea benchi. Msichana, msichana, msichana, msichana. Mzee akasema "Ni yeye" mara zote nne, kwa sauti ya kusikika barabarani, na yule mama wa maharage alikuwa tayari amesimama mlangoni na karatasi zake mkononi.

Mama alivua miwani, akajifuta uso na pembe ya kitenge. Halafu akaniangalia, na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

"Nilizani macho yangu imeisha. Nilizani kazi imenishinda, sasa batoto bangu batakula nini. Kumbe macho ni mazima, ni weye tu uko mujinga. Asante Yesu! Asante kabisa! Ondoka hapo kwa mulango, batu banataka kupita."