Samahani, Mteja Wetu

Kuna watu wenye digrii wanaolipwa kutueleza kwa nini hoteli moja ya chips ina wafanyakazi wazuri na ile ya pili ina wafanyakazi wanaokutazama kama umewaibia kuku. Ati ni mafunzo. Ati ni sare. Ati ni mtazamo chanya. Mimi nimesimama nyuma ya kabati la chips miaka kadhaa, kwanza Kawangware, halafu Laini Saba, na mtazamo wangu chanya naujua ulikopotelea. Ebu niwaambie.

Kwanza mnijue. Mimi nina mdomo. Mama yangu husema nilizaliwa nikilalamika kwamba mkunga amechelewa. Nilifukuzwa saluni kwa kumwambia mwanamke mmoja ukweli kuhusu nywele zake, kisha nikafukuzwa duka la nguo kwa kosa lile lile, ila safari hiyo ukweli ulihusu makalio. Kwa hivyo nilipopata kazi ya kaunta kwenye hoteli ya chips Kawangware, niliapa kufunga mdomo wangu kwa kufuli. Nilikuwa na binti wa miaka mitano, na baba yake alikuwa mteja.

Kama hujaishi Nairobi, usidhani namaanisha alikuwa anakuja kununua kitu. Huku kwetu mtu akizima simu asipatikane, tunasema amekuwa mteja, kwa sababu ya yule mwanamke wa kwenye simu anayekwambia kwa upole, "Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Baba ya mtoto wangu alianza kuwa mteja nikiwa na mimba ya miezi sita, na hata leo bado ni mteja. Kwa hivyo ilikuwa ni mimi, mtoto, na ile kaunta. Ikipotea kaunta, tunalala njaa sisi wawili kule Kambi Muru, Kibera, na hakuna mtu wa kumpigia.

Mwenye hoteli alikuwa mzee wa Kawangware, mzaliwa wa hapo, mwenye ploti tatu za nyumba za mabati na kiti chake cha mbele kanisani. Aliendesha hoteli kama alivyoendesha ploti, yaani kwa matangazo ya ukutani. Kulikuwa na fundi mmoja wa rangi aliyemwandikia yote, kwa rangi ile ile nyekundu na herufi zile zile zilizolegea upande mmoja. Ukuta wa nje uliandikwa USIKOJOE HAPA. Ukuta wa ndani, juu ya kichwa changu, uliandikwa TABASAMU. Wa nje walikuwa wanakojoa, na wa ndani tulikuwa hatutabasamu.

Na tungetabasamu na nini? Tulikuwa wawili, mimi na jamaa wa kukaanga, na haturuhusiwi kuonja hata chips iliyovunjika. Tulishinda tukinusa mafuta kutwa nzima, halafu saa nane tunatoka nje kununua mandazi kwa mama wa barabarani, mikono inanuka kuku. Chips zilizobaki jioni zilienda kwa nguruwe wa mzee. Haki ya Mungu, wale nguruwe walikuwa wananona kuliko idara nzima ya huduma kwa wateja.

Siku moja mzee akaenda semina. Akarudi na shingo imenyooka, akatuita.

"Kuanzia leo," akasema, "hakuna mambo ya 'sasa', hakuna 'niaje', hakuna 'unataka ya ngapi'. Mtu akiingia ni 'Karibu, mteja wetu mpendwa'. Akikasirika, hata kama ni yeye amekosa, ni 'Samahani, mteja wetu, makosa ni yetu'. Mnaskia?"

"Lakini mzee," nikasema, kufuli likilegea, "mteja si ni mtu amezima simu?"

"Hiyo ni lugha ya Kibera," akasema. "Semina ilikuwa ya Kiswahili sanifu."

Wa kwanza kuingia alikuwa fundi wa mawe, saruji hadi kwenye nyusi. Nikajinyoosha. "Karibu, mteja wetu mpendwa!"

Akasimama kama amepigwa kofi. "Nani mteja? Nani amekwambia nimezima simu?" Akaitoa mfukoni, akanisukumia usoni. "Ona! Iko on! Chaji imejaa! Amekuja hapa? Mwambie sijazima!"

Sikuwahi kujua ni nani huyo alidhani amekuja. Alinunua chips zake huku akiangalia mlango, akala nusu, akatoka mbio. Baada ya wiki moja mtaa wote ulikuwa umeshika mchezo. Nikisema tu "Samahani, mteja wetu," foleni nzima inamalizia kwa sauti nyembamba ya yule mwanamke wa simu, "hapatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye!" Hata mimi nilicheka. Jioni nikifika nyumbani nilikuwa nawaigizia majirani pale mlangoni: mzee na shingo yake, fundi wa mawe na simu yake, mimi na tabasamu langu la rangi nyekundu. Walikuwa wanashika mbavu.

Halafu akaja mwanamume wa shati iliyopigwa pasi.

Aliagiza chips na kuku, akasema asiwekewe siki. Sikumwekea. Akaonja, akauliza siki iko wapi. Nikamwambia kwa adabu zote nilizokuwa nazo kwamba alikataa siki, na kwamba ningemwekea sasa hivi. Akasema siwezi kumbishia, mimi ni nani, sisi watu wa Kibera tunapewa kazi mjini tunaleta uchafu. Halafu akachukua sahani, akanimwagia. Kachumbari ikaingia ndani ya blauzi. Kipande cha kuku kilianguka kwenye kiatu changu.

Mzee alikuwa ameketi pale pale pembeni na chai yake. Akainuka. Nawaambia, nilifurahi. Nilidhani anakuja upande wangu.

"Omba mteja msamaha," akaniambia.

Nikamtazama. Nikafikiria binti yangu. "Samahani, mteja wetu," nikasema. "Makosa ni yetu."

"Na ile nyingine," mzee akasema, akionyesha ukuta kwa kidole.

Nikatabasamu. Yule bwana akapewa sahani mpya ya bure na soda juu, mimi nikapiga magoti kuokota waru, vile viazi, sakafuni. Hakuna mtu kwenye foleni aliyeiga sauti ya simu siku hiyo.

Mnataka kujua huduma ilikuwaje baada ya hapo? Ilikuwa takataka. Nilikuwa mtamu mdomoni na mchawi mkononi. Ukiagiza chips, nilichota kijiko kikubwa, nikakitikisa mpaka kikabaki cha mtoto. Ukiuliza pilipili, haipo, na chupa iko mbele ya macho yako. Jamaa wa kukaanga naye alianza kutoa chips mbichi katikati, makusudi, na mimi nikawa nazifunga na "asante, mteja wetu mpendwa". Wanafunzi, mama wenye watoto mgongoni, watu wasio na hatia kabisa walikula hasira ambayo haikuwa yao. Wakaanza kuhamia ng'ambo ya barabara mmoja mmoja. Mzee akaongeza tangazo: TABASAMU SANA.

Sasa, Jumapili moja baada ya kanisa, nilikuwa nafua nje ya nyumba, Kambi Muru, povu mpaka kwenye viwiko. Watoto wa ploti walikuwa wanacheza hoteli. Visoda ndivyo pesa, nyasi zilizokatwakatwa ndizo chips, na binti yangu ndiye kaunta, amesimama nyuma ya debe. Nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Mtoto wa jirani akaagiza, akapewa, akasema hii ni mbaya, akachukua bakuli la tope na kummwagia binti yangu kwenye gauni la kanisa.

Niliacha nguo nikijua kinachofuata. Huyu mtoto nilimzaa mimi. Aliwahi kumuuma mtoto mwingine sikio kwa sababu ya biskuti. Nilikuwa tayari kwenda kuamua vita.

Akainamisha kichwa. Tope linashuka kwenye gauni. "Samahani, mteja wetu," akasema. "Makosa ni yetu." Halafu akainua uso, akatabasamu.

Woi. Tabasamu lile nililijua. Jioni zote zile nilipokuwa nikiwaigizia majirani, yeye alikuwa ameketi kizingitini, na sasa nikakumbuka kwamba hakuwahi kucheka. Alikuwa anajifunza kazi. Niliumia, sitawadanganya. Niliingia ndani, nikaketi kitandani na mikono yangu ya sabuni, na nikaogopa kuliko siku ile baba yake alipozima simu.

Jumatatu hiyo nilitembea mpaka Kawangware bila kufuli. Kabla ya saa sita mtu mmoja akanipigia mluzi kama anaita mbwa, nikamwambia jina langu si mluzi. Akalalamika. Mzee akasema niombe msamaha.

"Nimemkosea nini, mzee?"

Akanyoosha kidole ukutani.

Nikamwambia kwamba kati ya matangazo yake yote, lile la kukojoa ndilo lenye akili kidogo, na hata hilo linakojolewa. Nikavua aproni. Jamaa wa kukaanga alinipigia makofi kwa vijiko viwili, na nasikia naye alifuata wiki iliyofuata. Njiani kurudi nilijisifu mpaka nikafika nyumbani. Nilipofika nilikumbuka kwamba sifa haziliwi, na sufuria zangu zote zilikuwa safi kabisa.

Nilizunguka hadi miguu ikavimba. Mwishowe nikaangukia kwa mathe mmoja wa Laini Saba, mwanamke mnene kutoka Magharibi mwa Kenya, mwenye kibanda cha mabati cha chips, mayai na zile soseji za smokie kando ya reli. Waru ni zile zile, mafuta ni yale yale, ila foleni yake ilikuwa inafika kwenye karakana za jua kali. Na hakuwa na adabu hata chembe. "Wewe, jana ulikula mbili ukashikwa na tumbo, leo ni moja!" "Na wewe toa hiyo kofia, uko mbele ya chakula!" Watu wanacheka, wanatoa kofia, na kesho wanarudi.

Siku ya kwanza, kabla hatujafungua, alinisukumia sahani. Chips, yai, kachumbari.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya kukula. Sitaki mtu nyuma ya kaunta yangu anaangalia chakula cha watu kama fisi. Shiba, halafu uza."

Nikala. Nikauza. Na nikagundua kitu cha ajabu, kwamba mtu akisema "nipe na pilipili" sikumchukia. Lakini nilikuwa naogopa kila siku. Hii ilikuwa kazi ya nne, na mtaani habari za mdomo wangu zilikuwa zinafika kabla yangu. Nikipoteza na hii, nani angenichukua? Basi mathe alikuwa anapiga kelele, mimi nakaa kimya kama kabati.

Mkubwa wa wateja wetu, sasa natumia neno hilo bila ubaya, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale karibu. Yeye hununulia karakana nzima. Siku moja mchana gesi ikaisha katikati ya oda yake, ikabidi mathe aende mwenyewe kuleta mtungi mwingine, na foleni ikaota mizizi. Fundi akaja juu. Alikuwa amevua miwani yake ya kazi, macho mekundu, jasho linamtiririka. Mathe alikuwa amesharudi na mtungi, nikampa fundi mfuko wa kwanza uliokuwa tayari.

"Saa nzima kwa huu ujinga?" akafoka. "We mjinga, unanifanya nini?" Akaurusha mfuko. Ukanigonga kifuani, ukapasuka.

Na mdomo wangu, ule ule ulionipotezea kazi tatu, ukajiendea wenyewe. Kichwa kikainama. "Samahani, mteja wetu. Makosa ni..."

Mathe akaweka sufuria chini. Nikajua imeisha. Huyu ni mtu anayelisha kibanda, mimi ni nani? Nikaanza kufikiria nitamwambia nini binti yangu.

"Umefanya nini?" mathe akaniuliza.

"Nini?"

"Unaomba msamaha. Nauliza, umefanya nini?"

Nikafikiria. Nilitafuta kwa bidii, wallahi, maana nilitaka kumpa jibu zuri. Sikupata. Mimi, mwenye mdomo wa kusimamisha treni, nikajibu kwa sauti ndogo. "Sijafanya kitu."

"Basi usiombe." Akamgeukia fundi. "Gesi iliisha. Gesi ni yangu, mtungi nimebeba mimi na huu mgongo. Uko na neno, niambie mimi. Huyu utamwambia pole, ama uende ukule vyuma vyako. Wewe na karakana yako yote."

Fundi akatazama viatu vyake, akatazama mafuta yanayochemka, akajipangusa mikono kwenye ovaroli ingawa ovaroli lilikuwa chafu zaidi.

"Pole, siste," akasema. "Ni njaa. Imenipanda kichwani."

Nililia. Mbele ya kila mtu, na sikusingizia vitunguu. Mathe alinitazama mara moja, akasema chips zinaungua, akaendelea kupasua mayai. Nikajifuta uso kwa aproni, nikachukua mfuko mpya, nikaanza kumpakulia yule fundi. Niliweka chips, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka mfuko ukakataa kufunga.