Koti la Baba Mkwe na Kamba ya Ndama

Dola kumi na mbili, nauli ya lori kwenda na kurudi, na muhogo mmoja wa kuchoma nilioula nimechuchumaa pale Sake. Hiyo ndiyo bei yote ya koti la baba mkwe. Nilihesabu mara mbili. Ng'ombe wa mahari hawamo. Hao walihesabiwa na wajomba.

Mimi ni mtu wa Walikale. Kwetu ni msitu, na ng'ombe tulimjua akishakuwa nyama. Msichana niliyempenda alikuwa wa Bihambwe, huku Masisi, ambako watu husemesha ng'ombe kabla ya kusalimia wageni. Mahari ilikuwa imebaki koti la baba yake tu. Koti likikataliwa, ndoa inasogezwa mpaka nilete lingine, na mfuko wangu ulikuwa umeshaisha. Vipimo nisingeweza kumwomba: kwao, mkwe kumpima mzee mwili ni kama kumpimia sanduku la maiti.

Basi msichana akaviiba. Alichukua kamba ya mkonge ya kufungia ndama, akainyoosha juu ya koti kuukuu la baba yake lililoanikwa uani, akapiga mafundo matatu.

"La kwanza mupaka la pili ni mabega. La pili mupaka la tatu ni mukono. Usichanganye, weye mutu wa pori."

Nilipanda juu ya viazi kwenye lori. Karibu na Sake mvua ikatupiga hadi nikamwaga maji yaliyojaa viatuni. Kamba ilikuwa mfukoni.

Sokoni, mama mmoja alikuwa amefungua balo, robota la makoti ya mitumba, juu ya turubai.

"Mama, hii ya kahawia bei gani?"

"Dola makumi mbili, Papa. Angalia, hata kifungo hakikose."

Nikahesabu: vitatu. Nikarudia: vitatu, na matundu manne.

"Na kifungo cha ine kilibakia Ulaya?"

"Kinakuya na balo ya kesho. Lete kumi na tano."

"Nane. Ni ya baba mukwe."

"Nane! Na bibi unamuoa kwa nane vilevile?"

Tukaishia kumi na mbili. Kwa ajili ya baba mkwe, akakata kifungo cha bluu kwenye koti bovu, akakishona palepale bila kuongeza bei. Nikatandaza kamba: fundo kwa fundo, koti lilikubali.

Siku ya kulitoa, mzee alilivaa mbele ya familia mbili. Mikono ya koti iliishia vidole vinne juu ya kifundo cha mkono. Mjomba mmoja akakohoa.

"Mukwe ametuletea nusu ya koti."

Mzee akatazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia, kisha akanigeukia.

"Mutoto, mvua ilikupatia wapi?"

"Karibu na Sake, Papa."

Akacheka mpaka mshono wa mgongoni ukalia. "Koti iko muzuri. Mutu wa kukamua ng'ombe anafanya nini na mikono mirefu?"

Wajomba wakalipokea. Nikaoa.

Baadaye mke wangu ndiye aliyenieleza kile ambacho kila mtoto wa Bihambwe anakijua: kamba ya mkonge ikilowa inajikaza, inakuwa fupi. Na mzee alikuwa ameshaona kwamba kamba ya ndama wake haipo. Nilipomrudishia, aliipokea. Akaenda kufunga ndama.

Tangu hapo koti hilo linaenda kanisani kila Jumapili, na kifungo cha bluu hakijawahi kudondoka. Ila mzee amepungua. Mwaka huu mikono imemfikia kifundoni, na inaniuma kuona koti linamtosha.

Juzi amenipigia simu. Binti yetu wa kwanza amepata mchumba, kijana wa Goma, naye amekwenda kwa babu kimyakimya kuulizia vipimo vyangu.

"Koti uliyosahau hapa Pasaka, nimeshaipima," mzee akasema. "Na ile kamba ningali nayo. Sasa weye mutu wa kuhesabu, nipatie shauri: huyu kijana nimupatie kamba ikiwa kavu, ao niilowanishe kwanza?"