Ndugu wa Kunyonya

Niliacha shule darasa la saba, nikazunguka: Tudor nikitengeneza simu, bandarini nikibeba mizigo, mwisho nikapanga chumba cha juu mtaa wa Kuze. Prolog nilijifunza peke yangu, kwa kompyuta kuukuu. Ni lugha ambayo huiamrishi mashine hatua kwa hatua. Unaiandikia mambo ya kweli na kanuni zake, kisha unauliza.

Maalim wa madrasa ya jirani alinipa daftari lake la koo za mtaa: nani kazaa nani, nani kamnyonyesha mtoto wa nani. Kwetu walionyonya kwa mama mmoja hawaoani. Nikaingiza yote.

Ijumaa moja mama mwenye nyumba akapanda ngazi. Wazee wa kijana aliyemposa bintiye walikuwa waje alasiri kuchukua jibu.

"Kaka mkubwa wa huyo kijana nilimnyonyesha, mama yao alipolazwa," akasema. "Maalim naogopa kumuuliza. Uliza huo mtambo wako."

Nikauliza. Jibu: hawaoani.

Akakaa kitandani kwangu. "Kwa nini?"

Programu haikujua kueleza. Akatoa simu. "Basi wasije."

"Mama, nipe nusu saa."

"Nusu saa ya nini, watu washavaa kanzu!"

Nikampigia Maalim, nikaanza kuandika programu ya pili. Hii haikujua koo wala ndoa. Kazi yake ilikuwa kuzisoma kanuni za ile ya kwanza, maana kwa Prolog kanuni nazo husomeka kama habari nyingine yoyote, na kuandika kila iliyotumika. Mistari michache tu, lakini nikasahau nukta ya mwisho wa mstari, ikakataa mara mbili. Maalim akaingia akihema.

"Yakhe, wacha kutazama mlango, andika!"

Hatua zikajipanga kwenye kioo cha kompyuta. Mama huyu alimnyonyesha kaka. Kaka ni ndugu wa binti. Kijana ni ndugu wa kaka. Ndugu wa ndugu ni ndugu.

Maalim akaweka kidole kwenye ya mwisho. "Hii nani kakufunza? Aliyenyonya ni kaka. Huyu kijana hakunyonya kwake."

Nikaifuta, nikauliza upya. Wanaoana. Mama hakukitazama kioo.

"Maalim, wewe wasemaje?"

"Halali."

Akashuka ngazi mbio, akipiga kelele chai iinjikwe jikoni.

Maalim hakuondoka. "Kuna mwingine uliyemjibu kwa kanuni hii?"

"Mmoja. Yuko Tudor. Nilimwambia asimuoe mchumba wake."

"Vaa viatu," akasema.